Redio ya Mstari wa Saba

Jumapili, 29 Juni 2025

Siku kubwa! Familia ya kijana Bénit imetuma neno kutoka Manono: Jumamosi tarehe 12 Julai wanaleta mahari ya binti yangu Laetitia. Nimefurahi mpaka nimeimba kwa sauti kanisani wakati wengine wote walikuwa wamenyamaza. Padri amenitazama. Basi tu.

Furaha ilidumu mpaka nje ya mlango wa kanisa. Tante Bertille alikuwa ananingoja. Huyu ni dada ya baba mkwe wangu, Papa Cyprien, na njo yeye, ndiye yeye, mtunza listi. Listi ya mahari niliyopewa mimi mwaka 2000 nilipomposa mke wangu Mireille. Anaiweka ndani ya kopo la maziwa ya unga, na leo alikuja na kopo lake kanisani. Kanisani!

Mistari saba. Sita imekatwa kwa biro nyekundu: vitenge, suti ya mzee, mbuzi, blanketi, jembe, taa. Wa saba uko pale pale, msafi kama siku ulipoandikwa: Redio moja, kubwa, mpya.

Kwetu jambo hili halina mjadala. Baba ambaye hajamaliza mahari ya mke wake hapokei mahari ya binti yake. Kiti cha baba anakikalia mtu aliyechaguliwa na upande wa mama. Tante Bertille amesema mbele ya kwaya nzima kwamba kama mstari wa saba haujakatwa, kitini atakaa Djo.

Djo! Mwanyumba wangu, aliyeoa mdogo wa Mireille. Yeye alimaliza listi yake kwa siku moja, na juu yake akamwongezea mzee televisheni pana kama mlango wa choo. Nimeuliza mimi nitakaa wapi. Tante Bertille amesema jikoni siku hiyo kutakuwa na moto mwingi wa kupuliza.

Tulipofika nyumbani Laetitia akaniambia, Papa, miye nataka uniulize weye. Maana anayekaa kitini njo anayemuuliza binti mara tatu, mbele ya watu wote, kama mali ipokelewe au irudi. Nimemwambia ngoja nikaangalie kuku. Nimesimama nyuma ya nyumba mpaka machozi yakauka. Hatuna kuku.

Jumatatu, 30 Juni

Sikukuu ya Uhuru. Watu wamekwenda kutazama gwaride. Mimi nimekaa na kaye hii ninayoandikia kutafuta kosa lilianzia wapi.

Mimi ni fundi wa redio. Naandika tena ili nione aibu vizuri: fundi wa redio, miaka ishirini na saba, atelye yangu mwenyewe ya kazi mtaani Kataki, kibao changu mwenyewe mlangoni kimeandikwa Kalenga, na ninadaiwa redio!

Si ubahili. Ni akili nyingi. Mwaka 2000 nilisema nisubiri kidogo, redio mpya zinakuja. Watu wote wakataka za kaseti. Nikasema ya nini kumpa mzee kitu kisichopiga kaseti? Nilipojiandaa kwa ya kaseti, watu wakahamia CD. Nikasubiri. CD zikafa, zikaja redio ndogo za kuchomeka fleshi. Nikasubiri. Sasa kila mtu ana simu, na ndani ya simu kuna redio, kaseti, sinema na fleshi, vyote pamoja. Kila mara nilikwenda kwa baba mkwe kumweleza kwa heshima maendeleo ya teknolojia, na kila mara alinijibu neno moja: Sawa. Mimi husema haraka haraka haina baraka. Mireille husema ngoja ngoja huumiza matumbo. Lakini Mireille si teknisien.

Nimepata mpango! Nimeandika barua ya kurasa mbili kwa familia. Hoja yangu: redio kama kitu haiko tena duniani. Imekufa yenyewe. Mtu hawezi kudaiwa marehemu. Kwa hiyo mstari wa saba umejikata.

Alasiri. Nimeisoma barua mbele ya Papa Cyprien na Tante Bertille, nimesimama. Nimetumia neno "evolisyo", yaani maendeleo, mara nne. Tante Bertille amesikiliza mpaka mwisho, akasema ni barua nzuri sana. Akasema kwa hoja hiyo hata mbuzi wa mstari wa tatu hayuko tena duniani, na suti ya mzee imeliwa na mende, basi mahari yote imekufa, Mireille arudi kwao. Mireille alikuwepo. Akaanza kutafuta viatu vyake!

Nimechana barua.

Jumanne, 1 Julai

Baba mkwe amekuja atelye saa kumi. Huja kila siku saa kumi. Anafika na fimbo yake, anakaa kwenye benchi la wateja, mikono juu ya fimbo, saa nzima. Haombi kitu. Hasemi kitu. Miaka ishirini na mitano! Mimi ninajua anachofanya: anakuja kunidai kwa kunyamaza. Hakuna mdai mbaya kama mtu mkimya. Lakini nami nina dawa. Akikaa tu, ninaongeza sauti ya redio iliyo kwenye rafu. Habari, muziki, matangazo ya vifo, yote, ili tusipate nafasi ya kuongea. Leo nimeongeza mpaka mama muuza mikate wa jirani amelalamika. Mzee ametulia tu, amefumba macho. Anajua kuvumilia, huyo.

Sasa niandike jambo ambalo sijamwambia mtu. Hata Mireille.

Hiyo redio ya kwenye rafu njo yenyewe. Redio ya mstari wa saba. Niliinunua Kigoma mwaka ule ule wa 2000, mpya, kubwa, ubavu wa mbao, nikavuka nayo ziwa nimeipakata magotini. Nilitaka kuijaribu wiki moja tu kabla ya kuipeleka. Fundi lazima ajaribu! Lakini sauti yake! Ukiiwasha unadhani msemaji amekaa hapo na wewe, ameshiba, hana haraka ya kwenda popote. Wiki ikawa mwezi. Nikasema baba mkwe nitamtafutia nyingine, ya kisasa zaidi. Basi njo hivyo. Mimi ni mtu mbaya kidogo.

Alhamisi, 3 Julai

Asubuhi lilinijia wazo la kumpelekea mzee ile ile redio, yaishe. Nimelifukuza. Imezeeka, si "mpya" tena. Djo atacheka mpaka mkanda ukatike. Na mimi atelye nitabaki na nani? Hapana. Mtu wa teknolojia anatazama mbele.

Nimekwenda kwa baba mkwe kupeleleza anataka nini hasa. Kisingizio: kukagua nyaya za umeme. Na nimeona kwa macho yangu! Televisheni ya Djo imefunikwa kitambaa cha kufuma, juu yake maua ya plastiki na foto ya komunyo. Hawaiwashi! Wajukuu watano wamekaa sebuleni, kila mmoja na simu yake, vichwa chini. Mmoja mpira, mmoja sinema, mmoja nyimbo, na hakuna anayeangalia cha mwenzake. Nikakumbuka mwaka Djo alipoileta ile televisheni, nusu ya mtaa ilikuwa inakaa kwenye ile sakafu, wengine wanachungulia dirishani. Sasa maua ya plastiki. Mzee naye alikuwa anachungulia bega la mtoto huyu, halafu la yule, mkononi ameshika kasimu kake ka vibonyezo.

Nimeelewa yote! Mzee anataka simu ya kugusa. Hataki redio, hataki televisheni. Miaka yote hii alikuwa anangoja kifaa cha kweli kitoke, kama mimi. Nimerudi nyumbani napiga mluzi.

Ijumaa, 4 Julai

Nimemwita Mama Maimouna atelye. Anauza simu karibu na bandari. Watu wa kwao wamefanya biashara ya ziwa tangu mababu, na kushindana naye kwa maneno ni kazi bure. Amekuja na simu moja safi iliyoshuka juzi kutoka Kigoma. Nikamwambia tubadilishane. Nimempa ampli. Ametikisa kichwa. Nimeongeza spika mbili. Ametikisa kichwa. Nimeongeza feni. Kichwa tena. Kisha akanyoosha kidole kwenye rafu.

Nimesema ile haitoki. Amesema basi hata simu yake haitoki. Tumetazamana. Nikafikiria kile kiti. Nikamfikiria Laetitia ameinua macho kumtafuta baba yake, anamkuta Djo amekunja nne.

Ameibeba redio kichwani ikiwa imewashwa. Sikuwa na moyo wa kuizima. Niliisikia mpaka kona ya pili, walikuwa wanatangaza kifo cha mtu wa Kabalo. Nimefunga atelye kabla ya saa kumi. Macho yanawasha. Ni vumbi la kiangazi.

Jumamosi, 5 Julai

Ushindi! Simu iko mikononi mwa baba mkwe!

Nimetumia akili. Nilimvizia saa sita mchana, Tante Bertille yuko sokoni, Djo yuko kazini, wajukuu wako mtoni. Peke yetu. Maana Djo angesikia tu, angekwenda kutafuta simu kubwa zaidi, namjua. Mzee ameipokea kwa mikono miwili. Amenitemea mate ya baraka kichwani. Nimemfundisha kupiga foto na kutuma sauti, na ameshika haraka kuliko mimi nilivyoshika. Nimemwomba asimwambie mtu mpaka Jumapili. Amesema: Sawa.

Nimejaribu suti yangu. Kifungo cha tumbo kimegoma. Nitakaa nayo wazi, kitini inaonekana vizuri hivyo.

Jumapili, 6 Julai

Sitaki kuandika. Naandika.

Baada ya misa nimemwambia Tante Bertille atoe biro nyekundu. Nimesema kwa sauti, Djo asikie. Tante Bertille ameuliza lini. Nimesema jana. Ameuliza shahidi wa upande wenu nani? Shahidi wa upande wetu nani? Mulikunywa nini?

Mama yangu!

Kila mtoto wa hapa anajua. Kitu cha mahari hutolewa mbele ya mashahidi wa pande mbili, kinywaji kinafunguliwa, mstari unakatwa pale pale. Bila hivyo ni zawadi tu. Mimi mwenyewe nimekuwa shahidi wa watu kumi na mmoja na mara zote nilikunywa. Na mimi, mimi huyu, nimekwenda kutoa kitu cha mahari kwa kujificha!

Djo amenishika bega, akanisifu kwa upendo wangu kwa mzee.

Nimekimbia kwa baba mkwe. Nimemwomba anirudishie simu nusu saa tu, nimpe tena vizuri mbele ya watu. Amesema zawadi hairudi kwa mwenyewe, inaleta mkosi. Kisha amenipiga foto.

Nyumbani Laetitia alikuwa anapima gauni lake. Nimepita uani asinione.

Jumanne, 8 Julai

Jana baba mkwe alikuja saa kumi kama kawaida. Alikaa. Akatazama rafu, pale redio ilipokuwa, alama yake bado imebaki kwenye vumbi. Akatazama sana. Baada ya dakika kumi akasimama, akaenda. Dakika kumi tu! Simu imemteka kabisa, hana tena haja ya kuja kunidai. Angalau jambo moja limenyooka.

Ila sasa ananitumia sauti. Moja jana baada ya kuondoka, tatu kabla ya chakula, leo nyingi. Nimehesabu kumi na nne! Sijafungua hata moja. Ni sala na salamu, nani hajui? Wazee wakijua kutuma sauti, mwisho hawana. Nitasikiliza nikipata nafasi.

Mpango mpya: redio. Kweli kweli. Mpya, kubwa, mbele ya mashahidi. Mji mzima huu utakosa redio?

Alhamisi, 10 Julai

Mji mzima huu umekosa redio.

Siku mbili natembea. Sokoni, bandarini, Kataki mpaka Hewa Bora. Vijana wa madukani wananiuliza redio ya ndani ya simu ama ya ndani ya gari? Mmoja alinionyesha tochi yenye redio, yote pamoja haizidi kipande cha sabuni. Mwingine akaniambia kwa huruma niende kwa fundi mmoja wa zamani huko Kataki, anaitwa Kalenga, labda anayo. Nikamshukuru.

Redio pekee kubwa niliyoiona ilikuwa uani kwa mama mmoja. Ganda tupu. Kuku anatagia ndani.

Mwishowe nimekwenda kwa Mama Maimouna. Nimeisikia kabla sijaiona. Ameiweka juu ya meza, na mbele yake wamekaa wauza samaki wa mukeke, wapagazi wa bandari, mama wawili na watoto mgongoni, wote wanasikiliza kitu kimoja. Mzee mmoja anabishana na msemaji. Simu zao zimechomekwa nyuma zinapata umeme, hakuna anayezitazama. Nilisimama pale kama mtu aliyekuta mke wake wa zamani anacheka na wengine.

Nimembembeleza. Amesema atairudisha kwa kitu kimoja tu: simu nyingine ya kugusa. Akatazama mfuko wangu wa shati.

Simu yangu! Ina namba za wateja wangu wote, wote wanne. Ina foto za Laetitia tangu darasa la kwanza. Ina mpira. Nimekataa. Kuna mipaka.

Ijumaa, 11 Julai

Mimi ni fundi. Kwa nini nahangaika kutafuta redio wakati ninaweza kuitengeneza?

Nimelinunua lile ganda kwa yule mama. Kuku amelalamika zaidi kuliko mwenyewe. Nimeliosha, nimelipaka rangi, nimeweka vioo, nimeng'arisha vifungo. Ndani nimetia spika ndogo isiyo na waya, ya Laetitia. Spika inashika simu yangu. Simu itakaa mfukoni mwa suruali, nimerekodi humo taarifa ya habari ya leo. Mbele ya mashahidi nitazungusha kifungo kwa mkono wa kulia, mkono wa kushoto utabonyeza mfukoni, na redio itasema. Mpya! Kubwa! Nani atajua? Watakata mstari, tutakunywa, nitakaa kitini. Kisha mwezi wa nane nitatafuta ya kweli.

Nimejaribu mara kumi na mbili. Mara kumi na mbili imesema. Kuna manyoya kidogo yanatoka nyuma, lakini mzee haoni mbali.

Mireille ameuliza ni nini. Nimesema ni redio. Ameinusa.

Jumamosi, 12 Julai

Niandike yote kwa mpango.

Wageni walikuwa wanafika saa nne. Sisi familia tulikutana uani saa mbili kumaliza jambo letu. Papa Cyprien amevaa suti yake iliyoliwa na mende. Tante Bertille na kopo. Djo na suti mpya, na tayari amekaa kitini, eti anapasha joto. Mashahidi wawili wa kwao, wawili wa kwetu, chupa mezani. Laetitia amechungulia mlangoni.

Nimeweka redio yangu mezani. Watu wamesema aaa! Hata Djo amenyanyuka kidogo. Nimetoa hotuba fupi. Nimezungusha kifungo kwa mkono wa kulia. Nimebonyeza mfukoni kwa mkono wa kushoto.

Kimya.

Nimebonyeza tena. Nimebonyeza popote. Na redio ikasema, kwa sauti kubwa, uani kote:

"Kalenga, mukwe wangu. Njo miye, Papa Cyprien."

Watu wote wakamtazama mzee. Mdomo wake umefungwa. Tante Bertille akafanya alama ya msalaba. Redio ikaendelea:

"Leo nimefika saa kumi, redio haiko. Umeipeleka wapi? Ile redio njo yangu. Naijua tangu siku ya kwanza, mudogo wangu alikuona Kigoma ukiinunua. Nikasema, aa, mutoto ameipenda, aibakie nayo, miye nitakuwa nakuja kuisikia kule kule. Simu yako ni muzuri, asante. Lakini simu inasemea muntu moja. Irudishe pale kwa rafu, mukwe wangu. Miye kesho nakuja."

Nilikuwa natafuta kuizima, nikaifungua ya pili. Ya pili ilikuwa inasema hivyo hivyo, ila na kikohozi.

Siwezi kuandika vizuri nilivyojisikia. Miaka ishirini na mitano nilimwongezea sauti ili asiongee, na yeye alikuwa amekuja kwa ajili ya sauti! Nilikaa chini pale pale kwenye vumbi na suti yangu. Nikasema yote. Kigoma, wiki moja ya kujaribu, Maimouna, ganda la kuku. Kuna mtu alianza kucheka, Mireille akamnyamazisha. Mireille! Nikasema mimi sistahili kiti, Djo akae.

Mzee akaniuliza swali moja: iko wapi sasa? Nikasema bandarini kwa Mama Maimouna. Akatoa ile simu, akatazama saa yake, akasema wageni saa nne, saa hizi ni saa mbili na nusu, na weye uko na miguu.

Nilikimbia. Bila pikipiki, sikuona pikipiki, sikuona kitu. Nimempa Mama Maimouna simu yangu mkononi, na foto za Laetitia ndani yake, na mpira. Hakubishana hata kidogo, aliniangalia usoni, akaniwekea redio kichwani mwenyewe, akaniongezea betri. Nimerudi nayo inaimba kichwani, watu wa Kataki wanasimama kunipisha.

Tante Bertille akasema si mpya. Papa Cyprien akasema ilikuwa mpya siku ilipoletwa, iliyochelewa ni miguu ya mtu. Nikatozwa amandi, faini ya kuchelewa, kuku wawili na kreti ya bia, nikakubali. Chupa ikafunguliwa. Mashahidi wakanywa. Biro nyekundu ikatembea juu ya mstari wa saba. Niliitazama ikitembea mpaka mwisho.

Djo akatoka kitini. Kilikuwa na joto kweli.

Wageni wakaingia na nyimbo, vumbi la Manono bado kwenye viatu vyao. Nikamwita binti yangu. Nikamuuliza mara ya kwanza, Laetitia, tupokee? Akasema pokea, Papa. Mara ya pili. Pokea, Papa. Mara ya tatu sauti yangu haikutoka, nikasogeza midomo tu, na yeye akajibu kwa sauti ya watu wawili: Pokea, Papa! Nimelia mbele ya watu mia. Sijali. Hata Djo alilia, ila yeye alipaza sauti ili aonekane.

Jumapili, 13 Julai

Nimepumzika. Mwili wote unauma. Baba mkwe amebaki na redio, na simu pia. Mimi sina redio, sina simu, na spika ya Laetitia inanuka kuku. Lakini nina amani. Nimejifunza mambo makubwa wiki hizi. Kitu cha mahari hakicheleweshwi. Na hakitolewi bila mashahidi. Ningependa kila kijana ayajue haya.

Saa tisa Bénit amekuja kunishukuru kabla ya kurudi Manono. Mkwe mzuri, ana adabu. Ameleta kila kitu cha kwenye listi isipokuwa televisheni niliyoiomba mimi, maana aliogopa itavunjika juu ya pikipiki, na barabara ile ninaijua. Alisema atafanya kila njia ailete kabla ya mwisho wa mwezi.

Nimemcheka kidogo, kwa upole. Nimemwambia, mutoto wangu, haraka ya nini? Televisheni za leo zimeshapitwa. Ukiinunua leo, mwakani nitaiwekea maua ya plastiki. Kuna nyingine zinakuja nyembamba kama kitenge, unakunja, unaweka mfukoni. Tungoje. Mimi ni teknisien, ninajua haya mambo. Hapo hapo nikachukua listi, nikafuta televisheni, nikaandika kwa mkono wangu: Kifaa chochote kitakachokuwa cha kisasa siku kitakapoletwa.

Bénit amesoma mara mbili. Amesema: Sawa. Ametia sahihi haraka sana, akanikumbatia, akawasha pikipiki.

Mireille alikuwa anaanika nguo. Ameuliza nani alishuhudia. Nimemwambia mashahidi wa nini, tulikuwa wawili tu na tumeelewana vizuri sana.